Kufungua Biblia popote asubuhi na kushika mstari wa kwanza: ni kusikia mapenzi ya Mungu au ni ramli?

#1 Mwana_wa_Kefa

Bwana asifiwe wakuu.

Nasema wazi: ule mtindo wa kuamka, kufumba macho, kufungua Biblia popote na kuweka kidole, kisha mstari uliokaliwa na kidole unageuka "jibu la Mungu" la kazi, la mchumba au la safari, ni ramli yenye jalada jeusi.

Sisemi Mungu hawezi kusema kwa njia hiyo. Ninachosema, hakuna mahali Maandiko yanapotufundisha kuyasoma hivyo, na wakati huohuo Wakristo wamekuwa na taratibu za kutafakari Neno kila siku kwa mamia ya miaka. Anayezijua aziweke hapa kwa hatua: unasoma kiasi gani, kwa muda gani, unajiuliza nini, na unajuaje kwamba ulichokisikia ni mapenzi ya Mungu na si hamu yako. "Omba sana mtumishi" tunalijua, msituletee.

#2 Mjalidi

Naongeza la kiufundi. Biblia haifunguki popote. Kitabu chenye kurasa zaidi ya elfu, kilichoshonwa kwa mafungu na kutiwa gundi mgongoni, ukikiachia kinagawanyika karibu na katikati, au pale kilipozoea kukunjwa. Katikati ya Biblia ni Zaburi, na ukisogea mbele kidogo uko Mithali na Isaya. Ndiyo maana watu wa kidole wanaongea sana na Daudi na Isaya, na karibu hakuna aliyewahi kujibiwa na Filemoni au Yuda, maana barua hizo zinachukua ukurasa mmoja hivi kila moja. Jibu lako la asubuhi limechangiwa na aliyeshona kitabu.

#3 chumvi_kidogo

Aliyewahi kuangukia Hesabu 7 atoe ushuhuda. Mistari 89: sahani ya fedha, bakuli ya fedha, kijiko cha dhahabu, mara 12. Hapo mtu anaamuaje kuhusu mchumba?

#4 Mtani wa Iringa

#3 hiyo ni orodha ya mahari, mkuu. Ukoo umejibiwa.

#5 Katekista_wa_Zamu

Tumsifu Yesu Kristo. Kwetu Wakatoliki dawa ya kwanza ya kidole ni kwamba msomaji hachagui somo. Masomo ya Misa yamepangwa: Dominika zina mzunguko wa miaka 3, A ni Mathayo, B Marko, C Luka, naye Yohana anaingia Kwaresima, Pasaka na zile Dominika za mwaka B za sura ya 6. Siku za juma zina mwaka I na II. Kwa hiyo ukifuata Misa miaka 3 umemaliza Biblia nzima.

Namna ya kutafakari: Guigo wa Pili, mkuu wa watawa Wakartusi, karne ya 12, aliiandika kama ngazi yenye vidato 4: kusoma, kutafakari, kusali, kutazama. Kwa dakika 20 inakwenda hivi. Dakika 5 soma somo, mistari 10 hadi 15 isizidi, mara 2, mara ya pili kwa sauti. Dakika 7 baki na neno au sentensi moja iliyokushika, irudierudie, usiieleze. Dakika 5 mjibu Mungu kuhusu neno hilo, ukimshukuru au ukibishana naye, yote ni sala. Zinazobaki kaa kimya, huombi kitu.

Kinachoharibika mara nyingi ni kidato cha pili. Msomaji akishashika sentensi anaanza kuandaa mahubiri, na papo hapo anamfikiria jirani anayestahili kuyasikia. Ukiona jina la mtu mwingine limekujia, rudi kwenye sentensi. Na mtu aliyezoea kusoma tafakari ya padre kabla ya somo lenyewe, atasikia alichosikia padre. Somo kwanza, tafakari za wengine baadaye.

#6 Lesoni_ya_Robo

Katekista nakuheshimu ila hapo mwisho wa aya ya kwanza umeteleza. Masomo ya Misa hayamalizi Biblia. Agano Jipya linasomwa sehemu kubwa, lakini Agano la Kale, ukiacha Zaburi, ni sehemu ndogo tu. Na siku za juma za kipindi cha kawaida, Injili ni zilezile kila mwaka. Kinachobadilika kati ya I na II ni somo la kwanza.

Sisi Wasabato tuna vitu viwili tofauti na watu huvichanganya. Kesha la asubuhi ni fungu moja na maelezo mafupi, la kuanzia siku. Lesoni ni robo nzima, juma 13, mada moja au kitabu kimoja, na kila juma lina fungu la kukariri. Anayetafuta mapenzi ya Mungu kwa kesha la asubuhi pekee anafanana sana na mtu wa kidole, maana anapewa fungu moja lililokatwa. Lesoni inakulazimisha kurudi kwenye hoja ileile siku 7, na mpaka Sabato inafika umeshasikia wenzako darasani wakikupinga. Huko kupingwa ndiko kunakosaidia.

#7 Binti_Rungwe

Sasa na sisi Wamoravian mtuweke wapi? Maana fungu letu la kila siku linapatikana kwa kura, tena hatufichi.

Mei 1728 pale Herrnhut, Ujerumani, Zinzendorf, kiongozi wa Wamoravian wa wakati huo, alianza kuwapa waumini neno la kubeba kesho yake, likapelekwa nyumba kwa nyumba. Kitabu cha kwanza kilichochapwa ni cha mwaka 1731, na hakijakoma mpaka leo. Wajerumani wanakiita Losungen. Fungu la Agano la Kale linachotwa kwa kura kutoka kwenye mkusanyiko wa mistari kama 1,800, miaka kama 3 kabla ya mwaka wenyewe. Fungu la Agano Jipya halipigiwi kura: mtu anakaa na kulichagua lilingane na la kwanza. Wamisionari walipofika Rungwe mwaka 1891 walikuja na desturi hiyo.

Tofauti na ramli iko hapa, na naomba #1 uisome taratibu. Anayepiga ramli ana swali mkononi, na kura inatafuta jibu la swali hilo. Kura ya Herrnhut haina swali. Inapigwa kabla hujajua utakuwa na shida gani, na fungu ni moja kwa kanisa zima, aliyefiwa na anayeoa siku hiyo wanasoma mstari mmoja. Huwezi kuliita "jibu langu".

#8 Mwana_wa_Kefa

Binti Rungwe, hoja ya swali na kura nimeielewa. Ila walioanza hayo hawakuishia kwenye mafungu. Walipiga kura hadi za ndoa.

#9 Mchimbaji wa Makabrasha

Ndiyo, walipiga, na ikawashinda. Sinodi ya mwaka 1818 iliondoa ulazima wa kura ya ndoa kwa waumini wa kawaida.

Na kabla ya hapo kuna kisa cha John Wesley, yule wa Wamethodisti, aliyekuwa karibu na Wamoravian kule Georgia, Marekani ya leo. Machi 1737 alishindwa kuamua kama amwoe Sophy Hopkey. Yeye na mwenzake Delamotte wakaandika vikaratasi 3: oa, usilifikirie mwaka huu, usilifikirie tena. Kikatoka cha tatu. Siku chache baadaye binti akaolewa na mwingine, Wesley akaja kumnyima Ushirika Mtakatifu, shauri likafika mahakamani, na mwaka haujaisha Wesley akawa ameondoka Georgia.

Kuhusu kidole chenyewe, si jambo jipya. Mtaguso (mkutano wa maaskofu) wa Agde mwaka 506 na wa Orléans mwaka 511, huko Ufaransa ya leo, iliwakataza Wakristo kutabiri kwa kufungua Maandiko. Kwa hiyo #1 umechelewa miaka 1,500, lakini karibu.

#10 chumvi_kidogo

Mwana wa Kefa ametoa hoja mpya ya mwaka 506 😂

#11 Neema_na_Akili

Mnabishana juu ya njia ya kupata jibu kabla hamjakubaliana swali. "Mapenzi ya Mungu" mnamaanisha nini?

Yako mapenzi yaliyofunuliwa. 1 Wathesalonike 4:3 haihitaji kura: "Maana haya ndiyo mapenzi ya Mungu, kutakaswa kwenu." Sura ya 5:18, kushukuru kwa kila jambo, nayo imeandikwa wazi kwamba ni mapenzi ya Mungu. Yako pia yale anayoyatekeleza Mungu katika historia, na hayo Kumbukumbu la Torati 29:29 inayaita mambo ya siri, ni yake. Sasa watu wamebuni fungu la tatu: ramani ya siri ya maisha yangu, kazi ipi, mji upi, mke yupi, ambayo nikiikosa kwa hatua moja nimetoka nje ya mapenzi ya Mungu. Nionyesheni andiko linaloamuru Mkristo wa kawaida aitafute ramani hiyo kila asubuhi.

Mtu ana nafasi ya kazi Dodoma na nyingine Mwanza, zote halali. Neno limempa mipaka: asiibe, asimtelekeze mzazi, asiache kusanyiko. Ndani ya mipaka hiyo ana akili, ana washauri, ana Yakobo 1:5 ya kuomba hekima. Achague. Warumi 12:2 inataja kugeuzwa nia ndipo ujue mapenzi ya Mungu. Kusoma kila siku kunatengeneza mwenye kuamua. Kila uamuzi mmojammoja haukuandikwa humo.

#12 Mzee_wa_Ushirika

Neema na Akili, umenyoosha sana mpaka umemfunga Roho Mtakatifu mikono. Matendo 16:6-10. Paulo alikuwa na njia halali, kuhubiri Asia si dhambi, na Roho akamkataza. Akataka Bithinia, akazuiwa tena. Kisha maono ya mtu wa Makedonia. Hiyo ni ramani kabisa, tena ya miji.

#13 Neema_na_Akili

Mzee, shikamoo. Nakubali Mungu anaweza kuingilia. Lakini angalia Paulo alikuwa anafanya nini alipozuiwa: alikuwa anatembea. Hakukaa Troa akisubiri mstari. Na katika safari zote hizo Luka anasimulia maono machache, siku nyingine zote aliamua kwa upepo, kwa majira ya bahari na kwa wapi pana sinagogi.

#14 Mzee_wa_Ushirika

Marahaba. Soma na mstari wa 10 basi. Aliyeona maono ni mmoja, lakini imeandikwa "tuliona hakika ya kwamba Mungu ametuita". Walipima pamoja. Sisi tuliolelewa na uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, jambo la mtu kusema "Bwana amenionyesha" linaletwa kwenye ushirika, nuruni. Ndugu wanauliza: umepatana na mwenzako? Una deni umelificha? Mara nyingi hicho anachokiita uongozi kinayeyuka kabla ya chai. Ushauri wangu kwa hatua: mwenye uamuzi mzito awaendee watu 3, mmoja wao awe mtu asiyefaidika na uamuzi huo, na mmoja awe amewahi kumkatalia jambo.

#15 dada_wa_Kwaya

Mzee wa Ushirika asante. Ungetusaidia na wale wanaokuja na "Mungu amenionyesha wewe ni mke wangu", ilhali wewe hujaonyeshwa kitu.

#16 Mtani wa Iringa

Mwambie Mungu ana namba yako pia.

#17 Mwana_wa_Kefa

Turudi kwenye kusoma. Mstari unaotumika vibaya kuliko yote ni Yeremia 29:11, "nayajua mawazo ninayowawazia ninyi". Uko kwenye vikombe, kwenye mahafali, kwenye picha za WhatsApp saa 11 alfajiri.

#18 Mchimbaji wa Makabrasha

Huo una tiba rahisi: soma sura moja nyuma na mistari 10 kabla. Sura ya 29 ni barua kwa waliohamishwa Babeli. Mstari wa 5 hadi wa 7 unawaambia wajenge nyumba, wapande bustani, waoe, wautakie amani mji uliowateka. Mstari wa 10 unataja miaka 70. Aliyeipokea barua ile akiwa na miaka 30 asingerudi Yerusalemu. Ahadi ilikuwa ya taifa, na yeye alitakiwa aitumaini akijua watakaotimiziwa ni wajukuu.

Sasa rudi sura ya 28. Nabii Hanania alisimama hekaluni mwezi wa tano akatangaza kwamba mambo yatarudi sawa ndani ya miaka 2, akaivunja nira shingoni mwa Yeremia. Mwezi wa saba wa mwaka uleule akafa. Kwa hiyo anayeuchukua 29:11 kama "mwaka huu ni wa mpenyo wako" anausoma kwa masikio ya Hanania. Vitabu vya tafakari vinavyochapa mstari peke yake haviwezi kukuonyesha hilo.

#19 Mlei_wa_Loyola

Naona hakuna aliyejibu sehemu ya mwisho ya #1: unatofautishaje sauti ya Mungu na hamu yako?

Inyasi wa Loyola, mwanzilishi wa Wajesuiti, alipigwa mguu na mzinga akiwa askari huko Pamplona, Hispania, mwaka 1521. Akiwa kitandani alikuwa na aina mbili za ndoto za mchana: za ushujaa na mabibi wa kifalme, na za kuishi kama watakatifu aliowasoma. Zote zilimpendeza wakati anaziota. Tofauti ilikuja baadaye: za kwanza zilimwacha mkavu, za pili zilimwacha na furaha iliyobaki. Kutokana na hapo akaandika kanuni, na Mazoezi yake ya Kiroho yakapata idhini ya Papa mwaka 1548. Aya zake zina namba, kwa hiyo mnaweza kuhakiki.

Kwa uamuzi ambao pande zote mbili ni halali, anashauri hivi. Andika faida na hasara za kuchagua, kisha faida na hasara za kutochagua, yaani safu 4, maana faida za kwenda Mwanza si kinyume kamili cha hasara za kubaki. Pima hoja zenye uzito, usihesabu mistari. Aya ya 185: mfikirie mtu usiyemjua kabisa aliye kwenye hali yako, ungemshauri nini? Fanya hilohilo. Aya ya 186: jifikirie uko kwenye saa ya kufa, ungependa uwe umeamua vipi? Ukishaamua, peleka uamuzi kwenye sala, kwenye somo la siku kwa siku kadhaa, uone kama unathibitika.

Na aya ya 318, hii iandikwe ukutani: wakati wa ukiwa, moyo ukiwa mzito na sala kavu, usibadilishe uamuzi uliofanya wakati wa faraja. Wengi wanaohama kanisa, kuvunja uchumba au kuacha kazi "kwa kuongozwa" wanaamua wiki mbaya. Mstari utakaoupata wiki hiyo utakubaliana na wiki.

#20 Lesoni_ya_Robo

Faraja na ukiwa ni hisia tu, umezipa jina la kitaalamu. Hisia haziamui.

#21 Mlei_wa_Loyola

Anazitaja kama dalili za kuchunguzwa, na anaonya kwamba adui naye anaweza kuleta faraja ya uongo. Lakini sawa, hili tutalala nalo.

#22 Lesoni_ya_Robo

Hatulali. "Nina amani moyoni" ndiyo hoja inayoongoza kwa kuharibu watu. Yona 1:5, anakimbia uso wa BWANA, dhoruba inakaribia kuvunja merikebu, yeye amelala fofofo. Amani tele. Luka 22:44, Bwana Yesu yuko katikati kabisa ya mapenzi ya Baba, na jasho lake ni kama matone ya damu. Kama kipimo ni amani, Yona alifaulu na Gethsemane ikafeli. Na Wakolosai 3:15, "amani ya Kristo iamue mioyoni mwenu", inaendelea "ndiyo mliyoitiwa katika mwili mmoja", inazungumzia waumini kupatana.

#23 Katekista_wa_Zamu

Lesoni hapo umenena. Ila usitupe mtoto wa Loyola na maji: Yona alikuwa na usingizi, si faraja.

#24 Binti_Rungwe

Narudi kwenye mafungu ya siku na kisa kinachowagusa wote. Dietrich Bonhoeffer, mchungaji Mjerumani aliyempinga Hitler, alikuwa msomaji wa Losungen. Juni 12, 1939 alifika New York, marafiki wamemtafutia kazi ya usalama vita vinakaribia. Hakutulia. Juni 26 akasoma 2 Timotheo 4:21, Paulo anamwomba Timotheo ajitahidi kuja kabla ya wakati wa baridi. Akaandika kwenye shajara yake kwamba si kutumia Maandiko vibaya akijichukulia neno hilo mwenyewe. Julai akapanda meli kurudi Ujerumani. Aprili 9, 1945 akanyongwa Flossenbürg. Sasa mniambie, hiyo nayo ni ramli? Mstari ulikuwa wa Timotheo, wala haukumhusu.

#25 Mchimbaji wa Makabrasha

Kisa ni cha kweli lakini mpangilio wa tarehe unabadilisha somo. Kazi ile aliikataa Juni 20, alipoonana na Leiper, mwenyeji wake. Shajara ya siku hiyo inaonyesha uamuzi umeshafanyika, na anakiri hajielewi kikamilifu kwa nini. Fungu la Timotheo limekuja siku 6 baadaye. Halikuamua, lilimkuta ameamua.

#26 Binti_Rungwe

Tarehe nazikubali. Lakini kabla ya Juni 20 alikuwa anasoma nini kila asubuhi? Mafungu yaleyale. Ninyi mnataka Neno lifanye kazi siku moja ili mlihesabu.

#27 Neema_na_Akili

Hapo Binti Rungwe amenitetea bila kujua. Ndicho nilichosema #11.

#28 Mwana_wa_Kefa

Au amemtetea Mlei. Faraja ilithibitisha baada ya uamuzi.

#29 Mzee_wa_Ushirika

Au alirudi kwa sababu ya ndugu zake waliokuwa Ujerumani. Ushirika ulimvuta.

#30 Daftari_la_Alfajiri

Wakati mnagawana Bonhoeffer, niweke utaratibu wa daftari, maana wengi humu mtaanza kesho na kuacha Alhamisi.

Kwanza tenganisha kusoma na kutafakari. Biblia ya vitabu 66 ina sura 1,189. Kuimaliza kwa mwaka ni sura 3 na kidogo kwa siku. Mpango wa kusoma Biblia wa M'Cheyne, mchungaji wa Uskoti, wa mwaka 1842 ni sura 4 hivi, maana Agano Jipya na Zaburi zinasomwa mara 2. Hakuna anayetafakari sura 4 kabla ya kwenda kazini. Sura hizo zisikilize kwenye simu ndani ya daladala. Asubuhi chukua kipande kimoja, kisa kizima au aya nzima, kutoka kitabu kimoja unachokifuata mfululizo mpaka kiishe. Anza na Marko, ina sura 16.

Daftari, ukurasa mmoja, mistari 5 tu. Tarehe na somo. Kisha: hapa mwandishi alikuwa anawaambia nini wasikilizaji wake wa kwanza, sentensi moja. Kisha: mimi ningependa liseme nini leo. Mstari huo wa tatu ndio unaokamata kidole cha #1, maana hamu yako ukishaiandika huwezi tena kuipachika kwenye andiko bila kujiona. Wa nne: linanidai nini ambacho ni wazi, kinachofanyika kabla ya saa 24, kama kulipa deni, kupiga simu, kunyamaza kwenye kikao. Wa tano ni sala, sentensi 2.

Mwisho wa mwezi soma mistari ya tatu yote kwa pamoja. Utakuta unamwomba Mungu kitu kilekile kwa sura 30 tofauti. Hicho ndicho cha kumpelekea mshauri.

Yanayoharibika: mtu anakosa siku 4, anataka kufidia zote Jumamosi, anachoka, anaacha. Usifidie, ruka uende tarehe ya leo. Pili, simu. Biblia ya simu inaingiwa na ujumbe katikati ya Getsemane. Tumia ya karatasi au zima data. Tatu, kuandika kurasa 3 siku ya kwanza. Mistari 5.

#31 Mama_wa_Jumuiya

Daftari, mimi naongeza kwamba haya yanafanyika pia kwa pamoja. Hatua saba za Lumko, taasisi ya Kikatoliki ya Afrika Kusini, zilienea huku baada ya AMECEA, umoja wa maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, kuzipa kipaumbele jumuiya ndogondogo miaka ya 1970. Mmoja anamkaribisha Bwana kwa sala. Somo linasomwa. Kila mtu anataja neno au kifungu kifupi kilichomgusa, kinarudiwa mara 3 kwa utulivu, bila maelezo. Kimya, dakika 3 hadi 5, na kiongozi aangalie saa kwa sababu watu huchoka dakika ya kwanza. Kushirikishana, kwa "mimi", hakuna kuhubiriana. Hatua ya 6, kazi: nani anakwenda kwa mgonjwa, lini, na nani anaongozana naye. Sala za kumalizia.

Jumuiya nyingi zinaruka ya 4 na ya 6. Bila kimya ni mahubiri ya zamu, bila kazi ni kikundi cha chai.

#32 Mtani wa Iringa

Kikundi cha chai nacho ni mapenzi ya Mungu.

#33 dada_wa_Kwaya

Niulize zito kidogo. Msibani tunasema "kazi ya Mungu haina makosa". Basi limekimbia mwendo mbaya, breki mbovu, watu wamekufa, tunasema kazi ya Mungu haina makosa. Hiyo ndiyo kuyatumaini mapenzi ya Mungu?

#34 Mzee_wa_Ushirika

Mwanangu, ile ni kauli ya kumfariji mfiwa, usiipime kwa mizani ya dereva. Ayubu 1:21, BWANA alitoa na BWANA ametwaa.

#35 Neema_na_Akili

Mzee, Ayubu alisema hilo sura ya 1. Sura ya 3 analaani siku aliyozaliwa, na anabishana mpaka karibu mwisho. Waliokuwa na maelezo safi ya kila msiba ni rafiki zake, na 42:7 Mungu anawaambia hawakunena yaliyo sawa kama Ayubu. Sisi tunasoma sura 1 tu, tunaifanya ndiyo kipimo cha imani. Na Luka 13:4, watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu: Yesu hakusema ni kazi ya Mungu isiyo na makosa, wala hakusema walikuwa wabaya kuliko wengine. Alikataa maelezo yote mawili.

Breki mbovu ni dhambi ya mtu. Ukimpa Mungu, umemwondolea mwenye basi.

#36 Katekista_wa_Zamu

Kwa mfiwa, kiutendaji: usimpe mstari wa faraja juma la kwanza. Mpe zaburi ya kulalamika. Zaburi 13 ni mistari 6 tu, inaanza na "hata lini". Zaburi 88 haina hata mstari wa matumaini mwishoni, inaishia gizani, na bado ni sala iliyoelekezwa kwa Mungu. Kuendelea kumwelekea ndiyo kumtumaini, hata kama unachomwambia ni lawama.

#37 Mzee_wa_Ushirika

Zaburi 88 mbele ya mjane? Mimi bado nasema Ayubu 1:21. Tumezika wengi kwa mstari huo na umewashika watu.

#38 Mlei_wa_Loyola

Wote mko sahihi kwa wiki tofauti.

#39 kijana_wa_QT

Shalom. Nimesoma uzi wote. Samahani naturudisha kwa mchumba. Mtumishi wa Abrahamu katika Mwanzo 24 aliomba ishara na akapewa, na Gideoni aliomba kwa ngozi ya kondoo. Kwa nini mimi nisiombe?

#40 Mchimbaji wa Makabrasha

Gideoni alishaambiwa wazi kwenye Waamuzi 6:14, ngozi ilikuja 6:36, yaani aliomba ishara kwa sababu hakuamini alichokwisha kusikia. Mungu alimvumilia. Huo si mfano wa kuiga.

Mtumishi wa Abrahamu ni jambo jingine. Angalia ishara aliyoomba: binti atakayemnywesha yeye na kujitolea kunywesha na ngamia. Ngamia walikuwa 10. Ngamia mwenye kiu anaweza kunywa lita zaidi ya 50 kwa mkupuo, na Rebeka alikuwa akishuka kisimani na mtungi. Ile ishara ilipima tabia: ukarimu kwa mgeni na nguvu ya kazi. Na hata baada ya hapo, mstari wa 58, wakamuuliza binti mwenyewe kama atakwenda.

#41 dada_wa_Kwaya

Mstari wa 58 uchapwe uwekwe milangoni mwa makanisa yote.

#42 kijana_wa_QT

Kwa hiyo nimtafute anayeweza kuchota lita 500?

#43 Mtani wa Iringa

Anza wewe kununua ngamia.